Unix kwenye kompyuta ya mezani: miaka inayorukwa

Historia ya Linux, kama inavyosimuliwa kwenye vyuo vyetu vya IT na kwenye video za YouTube, ina hatua mbili tu. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wanaanzisha mfumo endeshi wa Unix kwenye maabara za Bell huko New Jersey. Kisha, ghafla, mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland anaandika Linux, mfumo unaoiiga Unix, chumbani kwake. Katikati hapo kuna pengo la miaka 22, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba muda wote huo Unix ilikuwa imejifungia kwenye mashine kubwa za vyuo vikuu, na mtu wa kawaida mwenye PC hakuwa na lake ila MS-DOS.

Si kweli. Unix ilikuwa kwenye kompyuta za mezani tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Iliuzwa dukani kwenye flopi, na kampuni iliyoisukuma kwa nguvu kuliko zote ilikuwa Microsoft. Nimekuwa nikichimba habari za kipindi hicho kwa muda sasa, nikisoma miongozo ya zamani iliyoskaniwa na kuwasha mifumo iliyokwisha kufa ndani ya emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kilichoichelewesha Unix kwenye PC hakikuwa uhaba wa wataalamu. Wataalamu walikuwapo tele. Kilichoichelewesha ni chipu, bei na karatasi za leseni. Chipu ilipatikana mwaka 1985. Hayo mawili mengine yalichukua muda zaidi.

Tuanze na leseni, maana bila kuielewa mengine yote hayaeleweki. Bell Labs ilikuwa chini ya AT&T, kampuni iliyohodhi karibu biashara yote ya simu Marekani. Kwa sababu ya ukiritimba huo, mwaka 1956 AT&T ilifikia makubaliano na serikali kwamba haitajiingiza kwenye biashara zilizo nje ya mawasiliano. Kwa hiyo Unix ilipozaliwa, wenyewe hawakuweza kuiuza kama bidhaa. Waliitoa kwa leseni: vyuo vikuu vililipa ada ndogo na kupewa msimbo wote, kampuni zililipa maelfu ya dola, na kila aliyeichukua alijua kwamba ikimharibikia atajitafutia mwenyewe fundi.

Vyuo vilifurahia mpango huo. John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Australia, aliuchapa msimbo wa toleo la sita, akaandika na maelezo yake mstari kwa mstari, akawafundishia wanafunzi. Halafu mwaka 1979 likaja toleo la saba, na leseni yake ikakataza msimbo kutumiwa kufundishia darasani. Maelezo ya Lions yakawa kitu cha kunakiliwa chinichini, fotokopi ya fotokopi, na hayakuchapishwa rasmi hadi 1996. Katazo hilo la darasani lilikuja kuzaa matunda ambayo wanasheria wa AT&T hawakuyatarajia, lakini hayo ni ya mwaka 1987, na kabla yake kuna Microsoft.

Tarehe 25 Agosti 1980, karibu mwaka mzima kabla IBM haijatoa PC yake, Microsoft ilitangaza kwamba imechukua leseni ya toleo la saba na itauhamishia mfumo huo kwenye kompyuta ndogo. Jina la Unix lilikuwa mali ya AT&T, basi Microsoft wakauita wa kwao Xenix. Hawakuuza kwa mtu mmoja mmoja. Waliwauzia watengenezaji wa mashine, na kila mtengenezaji akaurekebisha ukae kwenye chuma chake.

Aliyeipa Xenix miguu ni Tandy, wenye maduka ya Radio Shack. Mashine yao ya TRS-80 Model 16 ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000, na mwaka 1983 wakaanza kuiuza ikiwa na Xenix. Walionunua hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Walikuwa wenye maduka, wahasibu na madaktari waliotaka mashine moja ihudumie watu wawili watatu kwa pamoja, kila mmoja kwenye terminali yake, wote wakifungua faili zilezile za wateja. DOS haikuliweza hilo. Ndiyo maana nacheka kidogo ninapoona Unix ya zamani ikisimuliwa kama kitu cha maprofesa wenye ndevu. Watu wengi walioigusa mapema walikuwa makarani wa stoo, na wengi wao hawakulijua hata jina lake.

Kwenye PC ya IBM mambo yalikuwa magumu zaidi. Ilipotoka Agosti 1981, ile ya bei ya chini kabisa ilikuja na kilobaiti 16 za kumbukumbu, bila diski kuu. Huwezi kuendesha Unix kwenye kitu kama hicho; hata pa kuiweka hapapo. Ilibidi kungoja PC XT ya Machi 1983, iliyokuja na diski kuu ya megabaiti 10. Mwaka huohuo SCO, kampuni ya Santa Cruz, California, iliyoanzishwa na baba na mwanawe, Larry na Doug Michels, ikatoa Xenix ya kukaa humo. IBM nao mwaka uliofuata wakauza Unix yao ya XT iliyoitwa PC/IX, kwa dola 900. Kulikuwa pia na Venix. Kwa hiyo chaguo zilikuwapo, mwenye pesa hakukosa.

Tatizo lilikuwa prosesa yenyewe, na hapa inabidi tushuke chini kidogo. Unix imejengwa juu ya ahadi moja: programu ya Juma ikikorofisha, kazi ya Asha inaendelea. Ili ahadi hiyo itimie, prosesa lazima iweze kuikatalia programu inapotaka kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake. Intel 8088 iliyokuwa ndani ya PC haikuwa na uwezo huo hata chembe. Programu yoyote iliweza kuandika popote ndani ya megabaiti moja ya anwani, ikiwamo juu ya kerneli, kiini cha mfumo chenyewe. Kielekezi kimoja (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) kilichopotoka kwenye programu ya mtu mmoja kiliweza kuwaangusha wote waliounganishwa. Kwa hiyo Unix za 8088 zilifanana na Unix kwa amri na mafaili yake, lakini ahadi yenyewe haikuwamo.

Prosesa ya 286 ya mwaka 1982 ilileta ulinzi wa aina fulani, ila kumbukumbu ilikatwakatwa vipande visivyozidi kilobaiti 64, na yeyote aliyewahi kuiandikia programu kubwa alikuwa na malalamiko. Mambo yalinyooka Oktoba 1985, Intel ilipotoa 386. Ilikuwa na biti 32, anwani zilizonyooka, na kumbukumbu iliyogawanywa kwa kurasa za kilobaiti 4, kila ukurasa ukiwa na alama inayosema nani anaruhusiwa kuugusa. Kila programu ikapata dunia yake, na ikitoka nje ya mipaka prosesa yenyewe inaisimamisha na kuiita kerneli ije iamue. Uwezo huo hapo awali ulikuwa wa mashine kama VAX, zilizochukua nafasi ya kabati na kuhitaji bajeti ya taasisi. Mwaka 1986 Compaq wakauweka mezani. SCO wakatoa Xenix ya 386 mwaka 1987, na ofisi zikaanza kuchomeka kadi zenye matundu 8 au 16 ya kuunganishia terminali nyuma ya PC moja. Kitabu cha watu wa BSD, Unix ya Chuo cha Berkeley, cha miaka hiyo kilikiri kwamba, ukihesabu mashine, huenda Xenix ndiyo iliyokuwa imeenea kuliko Unix nyingine yoyote.

Microsoft waliiamini sana Unix wakati huo. Waliwaambia wateja wao kwamba MS-DOS ni ya mtumiaji mmoja, Xenix ni ya wengi, na kwamba njia ni kutoka hii kwenda ile. MS-DOS 2.0 ya Machi 1983 ina alama za vidole vya Unix kila mahali: saraka ndani ya saraka, kuelekeza matokeo ya amri kwenye faili, kuunganisha amri kwa alama ya bomba. Hata ule mkwaju unaolalia nyuma (\), unaowachanganya watu mpaka leo wanapotoka Windows kwenda Linux, ulitokea hapo. Walitaka kutenganisha saraka kwa mkwaju wa kawaida kama Unix, wakakuta toleo la kwanza la DOS lilikwisha utumia kwa ajili ya chaguo za amri. Wakaugeuza.

Kilichowatoa Microsoft kwenye njia hiyo ni biashara. Tarehe 1 Januari 1984 AT&T ilivunjwavunjwa, na kwa kuvunjwa ikapata ruhusa iliyonyimwa tangu 1956. Sasa iliweza kuuza Unix yenyewe, na ikaanza kufanya hivyo kwa nguvu na toleo lake la System V. Kwa Microsoft hii ilimaanisha kujenga mustakabali juu ya mali ya mshindani, ukimlipa kwa kila nakala. Mwaka 1985 walitia saini na IBM kutengeneza mfumo mwingine, uliokuja kuitwa OS/2, na mwaka 1987 Xenix ikakabidhiwa kwa SCO kwa kubadilishana na hisa. Ndani ya ofisi za Microsoft zenyewe, barua pepe ziliendelea kupita kwenye mashine za Xenix kwa miaka kadhaa baada ya hapo.

Sasa niingie kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote, ambacho karibu hakuna anayekizungumzia. Chicago kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Mark Williams. Ilianza kama biashara ya kemikali ya baba, iliyotengeneza kinywaji cha chupa, na mwana, Robert Swartz, akaigeuza kuwa ya programu. Walichofanya hawa ni kuandika Unix nzima upya bila leseni ya AT&T: kerneli, kompaila (programu inayogeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa), amri zote. Wakaiita Coherent. Ilianzia mwaka 1980 kwenye mashine za PDP-11, baadaye ikahamia PC.

AT&T hawakuamini. Kampuni ya watu wachache, tena vijana, inawezaje kuandika kitu chote hicho bila kuchungulia? Wakamtuma Dennis Ritchie mwenyewe kwenda kukagua. Alikuja kusimulia habari hiyo mwaka 1998. Hakuruhusiwa kuona msimbo wa Coherent, kwa hiyo alitumia mbinu ya mwalimu anayeshuku kwamba mitihani miwili imenakiliwa: hakutazama majibu sahihi, alitafuta makosa. Aliijua Unix kasoro kwa kasoro, zile tabia za ajabu zilizoachwa kwa bahati mbaya ambazo hakuna mtu angezibuni tena kwa hiari yake. Akaketi mbele ya Coherent na orodha yake akazipekua moja baada ya nyingine. Alihitimisha mambo mawili. Kwanza, kwamba ni vigumu kuamini waliiandika bila kuisoma Unix kwa kina. Pili, kwamba hakupata chochote kilichonakiliwa. AT&T wakawaacha.

Ninaipenda habari hii kwa sababu imelipa neno "upya" maana inayoeleweka. Ritchie hakuwa mtu baki. Angesema tu kwamba imeibwa, kampuni ile ingekufa kabla ya kufika popote. Naye alisema alichokiona. Tena ilithibitishwa mapema kwamba Unix inaweza kuandikwa upya na mtu mwingine kihalali, na huo ndio mlango ambao wote waliofuata walipitia, wawe waliijua habari ya Chicago au hawakuijua.

Mwaka 1990 Mark Williams walianza kuuza Coherent ya PC kwa dola 99.95. Linganisha na PC/IX ya dola 900. Ilikuja na mwongozo mnene wa kurasa zaidi ya elfu moja, ambao waliokuwa nao wanausifu mpaka leo. Nimeupitia ulioskaniwa: kila amri na kila kitendakazi kimepangwa kwa alfabeti kama kamusi, kimeelezwa kwa Kiingereza chepesi na mfano unaofanya kazi. Sijaona mwongozo wa Linux unaoukaribia. Nimeiwasha pia toleo la 386 ndani ya emuleta, na inawaka upesi hadi unashuku kuna kitu kimerukwa. Lakini utahisi ukuta haraka. Matoleo ya kabla ya 1992 yalikuwa ya biti 16, programu ikifungwa kwenye kilobaiti 64, na mtandao wa TCP/IP, ule wa intaneti, haukuwapo. Barua zilikwenda kwa UUCP, mashine moja ikiipigia nyingine simu usiku. Mwaka 1990 hilo lilitosha. Miaka mitatu baadaye halikutosha tena.

Amsterdam nako mtu mwingine alikuwa akiandika upya, kwa sababu tofauti kabisa. Andrew Tanenbaum, Mmarekani aliyefundisha Vrije Universiteit, alikuwa akiwafundishia wanafunzi wake kwa msimbo wa Unix mpaka leseni ya toleo la saba ilipomfungia. Kufundisha mifumo endeshi kwa nadharia tupu hakukumfaa, akaamua kuandika mfumo wake, unaofanana na toleo la saba kwa nje lakini usio na hata mstari mmoja wa AT&T ndani. Uliitwa MINIX, na ulitoka mwaka 1987 pamoja na kitabu chake cha kufundishia, ambacho nyuma kilichapa mistari kama 12,000 ya msimbo wenyewe. Uliweza kuendeshwa kwenye PC ya 8088, hata isiyo na diski kuu, kwa sababu wanafunzi hawakuwa nayo.

Nusura usitoke. Tanenbaum ameeleza kwamba kwenye programu ya kuiga PC, MINIX ilikwenda bila tatizo. Kwenye PC halisi ilikwenda kama saa moja kisha ikaanguka, bila sababu inayoonekana na bila kurudia mahali palepale. Alitafuta kosa kwenye msimbo wake hadi akakaribia kuukatia tamaa mradi mzima. Ndipo mwanafunzi wake mmoja alipomwambia kwamba amesikia chipu ikipata moto hutoa katizo namba 15, ishara ya kuikatiza prosesa kazini. Kwenye nyaraka hakukuwa na neno hilo, na kwa kuwa hakuna aliyelitarajia, mfumo haukujua la kufanya nalo. Akaweka kwenye nafasi ya katizo hilo msimbo mdogo wa kuandika ujumbe kwenye skrini, akaiacha mashine iende. Baada ya muda ujumbe ukatokea. Akarekebisha, na MINIX haikuanguka tena. Kwa mtu yeyote aliyewahi kushinda usiku akitafuta kosa ambalo kumbe si lake, hapo hapahitaji maelezo.

MINIX ilipata wafuasi kwa makumi ya maelfu, na wote walikuja na maombi: ongeza hiki, ongeza kile, itumie 386 ipasavyo. Tanenbaum alikataa karibu yote. Alitaka mfumo unaoweza kufundishwa ukaisha ndani ya muhula mmoja, na kusema kweli alikuwa na haki. Wenye kiu ya kitu kikubwa ndio waliokosea mlango. Ila ubishi huo ulikuwa na upande wa pili, ambao ni leseni tena. MINIX ilikuwa mali ya mchapishaji wa kitabu. Ilikuwa ya bei rahisi, lakini huwezi kugawa nakala uliyoirekebisha. Aliyetaka MINIX ya 386 ilimbidi anunue flopi halali, apakue viraka, yaani marekebisho ya msimbo, alivyoandika Bruce Evans wa Australia, avibandike kimoja kimoja kwenye msimbo, kisha akusanye upya kila kitu. Kiraka kimoja kikikataa, unaanza tena. Maelfu ya watu wenye ujuzi walikuwa wanapoteza jioni zao kwa kazi hiyo, kila mmoja kwake, kwa sababu tu haikuruhusiwa mmoja afanye kisha awape wengine.

Richard Stallman, mwanaprogramu wa Marekani, alikuwa amekwisha kuliona hilo tangu 1983, alipotangaza mradi wa GNU wa kuandika Unix huru, na kufikia 1991 alikuwa na kompaila nzuri, amri nyingi na leseni ya GPL, bila kerneli. Habari zake zimeandikwa vya kutosha kwingine.

Linus Torvalds, yule kijana wa Finland, alinunua 386 yake Januari 1991, kwa malipo ya awamu, akaagiza MINIX, akaibandika viraka vya Evans. Alichoandika kwanza hakikuwa mfumo endeshi. Alitaka kujua 386 inavyobadilishana kazi, akaandika michakato miwili: mmoja ukiandika herufi A kwenye skrini, mwingine ukiandika B, na saa ya mashine ikiwabadilisha. Skrini ikajaa mistari ya A kisha ya B kisha ya A. Halafu akaugeuza mmoja usome kibodi na kupeleka kwenye modemu, na mwingine usome modemu na kuandika kwenye skrini, akapata programu ya kuunganishia na kompyuta ya chuo. Akataka kupakua mafaili, ikabidi aandike msimbo wa diski. Ili MINIX iyaone mafaili hayo, ikabidi aandike mfumo wa mafaili unaoelewana na wa MINIX. Hakuna mahali alipoketi akasema sasa naandika Unix. Kila hatua ilidai inayofuata.

Agosti 25 aliwaambia wenzake wa MINIX kwamba anatengeneza mfumo, kwamba ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Septemba akaweka toleo 0.01, mistari kama elfu kumi, kibodi ya Kifini tu. Majira ya baridi akaharibu kwa mkono wake: alikusudia modemu ipige simu chuoni, akaelekeza amri hiyo kwenye diski kuu. Amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya MINIX yake. Angeweza kuisakinisha upya, akaona basi, Linux imekwisha kutosha kujitegemea.

Mambo mawili ya majira hayo yalikuwa na uzito kuliko kerneli yenyewe, kwa maoni yangu. Mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu na kompaila haikuweza kumalizia kazi. Torvalds akaongeza uwezo wa kuhamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski, kitu ambacho MINIX haikuwa nacho, na watu wakaanza kuhama. La pili ni leseni. Leseni yake ya kwanza ilikataza kutoza pesa yoyote, hata gharama ya flopi na stempu, kwa hiyo aliyetaka kuwanakilia wenzake alikuwa anavunja masharti. Kuanzia Februari 1992 akabadilisha kuwa GPL. Sasa ukiirekebisha unaruhusiwa kuigawa, na ukiigawa unatoa na msimbo. Zile jioni za viraka zikaisha.

Tanenbaum, Januari 29 mwaka huo, alimwandikia hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati: kerneli ya kipande kimoja ni kurudi miaka ya sabini, tena imefungamana na 386, na miaka mitano ijayo kila mtu atakuwa kwenye mashine za aina nyingine kabisa. Mjadala huo unasimuliwa kama pambano la mzee na kijana. Kitaalamu Tanenbaum alikuwa na hoja nzuri. Ila alikuwa anajibu swali la darasani, na watu waliokuwa na 386 nyumbani walikuwa na swali lingine.

Sasa, kulikuwa na mfumo bora kuliko Linux kwa wakati huo, wa bure, na wa 386. Chuo cha Berkeley kilikuwa kimeitoa Unix yake, BSD, hatua kwa hatua kutoka kwenye msimbo wa AT&T, na Juni 1991 kikatoa karibu mfumo mzima isipokuwa mafaili sita ya kerneli. Bill na Lynne Jolitz, mume na mke, waliandika yaliyopungua na kutoa 386BSD Machi 1992, kisha toleo lililotumika zaidi Julai. Lilikuwa na TCP/IP iliyokomaa, ya haohao walioiandika kwa ajili ya intaneti, wakati Linux ilikuwa haijui mtandao. Kampuni ya BSDi nayo iliuza mfumo wa namna hiyo kwa dola 995, msimbo ukiwamo, na namba yake ya simu ilisomeka 1-800-ITS-UNIX.

Namba hiyo iliwaudhi AT&T, na si ajabu. Aprili 1992 kampuni yao tanzu ya Unix iliishtaki BSDi, chuo chenyewe nacho kikaingizwa, na kwa muda wa karibu miaka miwili hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetaka kujenga biashara juu ya BSD. Kesi iliisha Februari 1994, baada ya Novell kuinunua kampuni hiyo tanzu. Kati ya mafaili kama 18,000 yaliyobishaniwa, yaliyotakiwa kuondolewa yalikuwa matatu.

Matatu! Wapo wanaosema Linux ilishinda kwa ubora, na wapo wanaosema ilishinda kwa moyo wa ushirikiano. Mimi nasema ilishinda kwa sababu ilikuwa huru barabarani katika miezi ambayo mwenzake mwenye nguvu alikuwa mahakamani. Torvalds mwenyewe amesema kwamba 386BSD ingekuwapo alipoanza, huenda asingejisumbua. FreeBSD na NetBSD zilizaliwa mwaka 1993 katikati ya kesi hiyo, zikaishi, na bado ni mifumo mizuri. Lakini wale watu wa viraka, waliokuwa wakitafuta pa kwenda, walikuwa wamekwisha fika kwingine.

Coherent haikufa kwa kesi. Ilikufa kwa bei. Mwaka 1990 dola 99.95 zilikuwa nafuu ya ajabu. Mwaka 1993 Slackware, Linux iliyofungashwa tayari kusakinishwa, iligawiwa bure kwenye flopi, na mtandao ndani yake. Mark Williams walifunga mwaka 1995. Msimbo wa Coherent ulifunguliwa mwaka 2015 kwa leseni ya BSD, na kerneli yake inasomeka vizuri kuliko Linux ya miaka ileile. Wateja wake wengi walikuwa wamekwisha kuhama: kufikia Machi 1994 Linux ilikuwa toleo 1.0, mistari 176,250, ina TCP/IP, ina X (mfumo wa madirisha), na haikudai hata senti.